Mapesa na Vijisenti: Ngeli Mbili za Siasa Katika Nchi ya Binza

Kwa muda wa miaka kumi, tangu 2005 hadi 2015, wilaya ya Bariadi iliwakilishwa bungeni Dodoma na watu wawili ambao Watanzania wengi waliwajua kwa majina ya fedha kuliko kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Jimbo la Mashariki lilikuwa na John Momose Cheyo, mwenyekiti wa chama cha UDP, aliyeitwa Bwana Mapesa. Jimbo la Magharibi lilikuwa na Andrew Chenge wa CCM, ambaye kuanzia mwaka 2008 hakuweza tena kulikwepa jina la Mzee wa Vijisenti. Mtunzi wa riwaya angalizua wabunge wawili wa namna hii, wa wilaya moja na katika bunge moja, wahakiki wangemwambia kwamba mchuzi wake umezidi chumvi. Historia haina mhakiki, ikajiandikia ilivyotaka.

Nchi yenyewe iko mbali na bahari. Binza ni jina la kale la upande wa mashariki wa Usukuma, nchi ya watemi, ng'ombe na pamba, kati ya Ziwa Victoria na mbuga za Serengeti. Leo eneo hilo limo katika Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza na kupewa jina la mto unaoteremka kwenda ziwani. Msomaji wa pwani aghalabu hulijua kwa mambo mawili: pamba, na wanasiasa wake. Liko jambo la tatu ambalo lafaa kutangulizwa, kwa kuwa bila ya hilo haya mengine hayaeleweki.

Wasukuma wana mashindano ya ngoma ambayo mfano wake ni nadra. Simulizi zao zawataja mabingwa wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana nani kati yao ni hodari zaidi, na kutokana na ubishi huo yakazaliwa makundi mawili, Wagika na Wagalu, ambayo hadi hivi leo hushindana baada ya mavuno. Makundi hupiga ngoma zao wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi kumzunguka. Basi hakuna hila isiyotumika: nyimbo za kumkejeli mpinzani, mavazi ya vituko, fisi, chatu, sanamu, na dawa za mvuto ambazo kila kundi hulishuku kundi jenzake kuwa nazo. Hakuna hakimu mwenye kalamu. Hakimu ni umati unaohama kutoka duara moja kwenda jingine. Ushairi wa ngonjera na kujibizana, ambao pwani huuheshimu kwa vina na mizani, huko hupimwa kwa visigino vya watu wanaohama.

Vyama vingi viliporuhusiwa tena mwaka 1992, watu waliozoea uwanja wa aina hiyo hawakuhitaji kufundishwa mkutano wa kampeni ni kitu gani. Ngoma mbili, uwanja mmoja, dawa za mvuto, na umati unaoamua. Ila walijua pia, kuliko wahadhiri wa demokrasia waliokuja na semina zao, kwamba anayevuta watu si lazima awe anasema kweli. Anaweza kuwa ameleta chatu mkubwa zaidi.

Chatu wa Cheyo lilikuwa neno moja. Alipogombea urais mwaka 1995 aliwaahidi Watanzania kwamba watajazwa mapesa mifukoni. Magazeti ya Dar es Salaam yalicheka, wasomi walicheka, na wapiga kura wa mijini walicheka wakirudia neno lenyewe hadi likawa jina lake. Alipata zaidi ya kura 258,000, karibu asilimia 4, akawa wa nne nyuma ya Benjamin Mkapa, Augustino Mrema na Ibrahim Lipumba. Mwaka 2000 aligombea tena, akapata sehemu iyo hiyo takriban. Kwa hesabu za taifa ni kidogo. Lakini mwaka 1995 UDP ilipata viti 3 vya majimbo, na nguvu yake ilikuwa huko huko Usukumani, ambako neno hilo halikuwa mzaha mtupu.

Kicheko chenyewe kilikuwa na mizizi. Kwa karibu miaka thelathini watu walikuwa wamefundishwa, tangu Azimio la Arusha la 1967, kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Msingi ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Watoto walilisoma hilo shuleni, wazee walilisikia kwenye redio. Mwenye pesa alikuwa bepari, au kupe, au mnyonyaji mwenye mirija. Kuwa na pesa kulihitaji udhuru. Kisha, Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Unguja, ikalegeza masharti yaliyowazuia viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Wananchi waliita uamuzi huo Azimio la Zanzibar, kwa namna ya kulipa jina mwenza wa lile la Arusha, na katika ulinganifu huo wa majina kejeli ilikuwa imekwisha kamilika. Hapakuhitajika ubeti wa pili. Cheyo alikuja miaka minne baadaye, akasema hadharani, kwa sauti kubwa, kile ambacho wakubwa walikuwa wamekwisha jiruhusu kwa sauti ya chini. Waliomcheka walicheka kama watu wanaomwona mtu akivua nguo barabarani, ilhali wao wamevua majumbani mwao.

Tena yafaa kulitazama neno lenyewe. Pesa ni neno lililofika pwani kutoka Bara Hindi, nalo lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba: pesa 64 zilifanya rupia moja, na hesabu hiyo ilitumika hata katika rupia ya Wadachi walipoitawala Tanganyika. Mwaka 1904 Wadachi walibadili mfumo, rupia ikawa na heller 100, na kutokana na heller hizo tumepata hela. Kwa hiyo maneno mawili ambayo Mswahili hutumia zaidi kutaja utajiri yalikuwa majina ya vipande vya shaba, vya kununulia kitunguu na kibiriti. Lugha haikuyachukua majina ya dhahabu. Ilichukua kile ambacho mtu wa kawaida alikishika mkononi. Cheyo, kwa kutia ma- mbele ya pesa, alikirundika kile kipande cha shaba kikawa chungu. Ma- hiyo ni ya wingi usiohesabika, kama mawingu na mavumbi. Na mkulima wa pamba anaijua vyema, maana fedha yake huja mara moja kwa mwaka, msimu wa kuuza, hujaa mkononi kwa siku chache kisha hutoweka kwa madeni, ada na harusi. Wakati ule wa miaka ya 1990 hata mara hiyo moja haikuwa na hakika, kwa kuwa ushirika ulikuwa ukichukua pamba na kuchelewesha malipo. Mtu aliyekuwa akidai pamba yake hakuona cha kuchekesha katika neno mapesa.

Huku kwenye serikali, lugha ya fedha ilikuwa ikitafuta adabu zaidi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, na jambo hilo likapewa jina takrima. Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati huo alikuwa Andrew Chenge, mwana wa Bariadi. Msikilizaji wa pwani hawezi kulipita neno hilo bila ya kusimama. Shina lake ni lile lile la karamu, ukarimu, karama na Karima. Ni katika maneno matukufu zaidi tuliyoyarithi kutoka Kiarabu. Rushwa, neno jingine la Kiarabu, iliondolewa mlangoni ikaingizwa dirishani ikiwa imevaa kanzu ya ndugu yake mwema. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, wala hawakutaka sheria iwathibitishie. Aprili 2006 Mahkama Kuu ilikubaliana na watetezi wa haki za binadamu waliofungua kesi, ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Neno takrima, hata hivyo, lilikuwa limekwisha haribika. Hadi leo ni vigumu kulitamka mbele ya mgeni wa heshima bila ya mtu mmoja barazani kutabasamu.

Neno fisadi lilifanyiwa kinyume chake. Katika Kiswahili cha pwani cha zamani fisadi alikuwa khasa mharibifu wa wanawake na majumba ya watu. Septemba 2007, kwenye viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dakta Willibrod Slaa aliposoma orodha yake ya watuhumiwa, neno hilo likahamishwa kutoka chumbani hadi hazina. Likawa neno la ngurumo, la mahubiri. Lilitisha, na kwa muda lilifaa. Ila neno linalotisha halichekeshi, na mtu anayetishwa hujifunza kulizoea.

Kilichokosekana kilikuja Aprili 2008. Gazeti la Uingereza, The Guardian, lilichapisha kwamba wachunguzi wa nchi hiyo, waliokuwa wakifuatilia ununuzi wa rada ya kijeshi ya pauni milioni 28 kutoka kampuni ya BAE, wamekuta zaidi ya dola milioni 1 katika akaunti ya Chenge kwenye kisiwa cha Jersey. Chenge, wakati huo akiwa Waziri wa Miundombinu, alikanusha kuwa fedha hizo zilihusiana na rada. Hilo lilikuwa jibu la mwanasheria, na mwanasheria aliyesoma Harvard alijua kulitoa. Lakini alipozungumza na waandishi wa habari aliziita vijisenti. Tarehe 20 Aprili alijiuzulu uwaziri. Aliomba radhi kwa neno lile. Hakushtakiwa mahkamani kwa ajili ya akaunti hiyo, na hilo lafaa kukumbukwa na kila anayeandika juu yake. Neno, hata hivyo, halina rufaa.

Kwa nini vijisenti, na si kitu kingine? Laiti angalisema senti chache, pengine yangekwisha kwa wiki moja. Kiswahili kina ngazi za kuteremka. Senti tayari ni ndogo. Ni mia moja katika shilingi moja, na shilingi yenyewe ilikuwa imeshuka thamani kiasi kwamba senti haikuonekana tena hata kwenye duka la mkaa. Kisenti ni udogo juu ya udogo. Kijisenti, kwa kuingiza ile -ji- katikati, si udogo tena bali ni dharau, kama kijitu na kijibwa. Dola milioni 1, zaidi ya shilingi bilioni 1 kwa thamani ya wakati ule, zikateremshwa ngazi tatu kwa pumzi moja. Mwananchi aliyesikia hakuhitaji kikokotoo. Alijiuliza tu: ikiwa hizo ni vijisenti, mshahara wangu unaitwaje? Ngeli iliyo chini ya vi- haipo.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kejeli hii na ile ambayo wapenzi wa tungo za pwani wameirithi. Muyaka wa Mombasa alizirusha beti zake kwenda Lamu na Unguja wakati wa ugomvi wa Wamazrui na Sayyid Said, na kila aliyezisikia alijua zimetoka kwa nani. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa alioutunga. Kejeli ya mapesa na vijisenti haina malenga. Hakuna aliyeitunga. Wenyewe waliokejeliwa ndio waliyoyatamka maneno hayo, na watu hawakufanya lolote ila kuyaokota, kuyafuta vumbi, na kuwarudishia wenyewe kama jina. Serikali haiwezi kumfunga mtu kwa kumnukuu waziri. Ni kejeli salama kuliko zote, na pengine ndiyo maana imestawi sana Tanzania Bara, ambako watu wana sifa ya upole. Hata lile neno ukapa, lililotajwa mitaani kwa maana ya kukosa fedha katika utawala wa Mkapa, ni kazi ya ngeli tu: mchawi ana uchawi, mvivu ana uvivu, Mkapa ana ukapa. Nani atakamatwa kwa kosa la sarufi?

Na fedha ya wakubwa iliendelea kusinyaa. Kenya walikuwa nacho zamani kitu kidogo. Desemba 2010, mahkama ya Southwark, London, iliitoza BAE faini ya pauni 500,000 kwa kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu katika biashara ile ya rada, na kampuni ilikubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania. Fedha hizo zilinunulia shule vitabu na madawati. Watu waliziita chenji ya rada: kana kwamba Tanzania ilikwenda dukani, ikanunua rada, ikasahau kuchukua baki. Na waliosikiliza vizuri walisikia pia kwamba kati ya chenji na Chenge ni irabu moja tu na konsonanti iliyolainika. Katika sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, mwanasiasa mmoja alieleza kuwa katika mamilioni aliyopokea alitoa shilingi milioni 10 kwa ajili ya mboga. Hela ya mboga ikaingia katika kamusi ya mitaani siku hiyo hiyo. Senti, chenji, mboga. Aibu ina kipimo chake, nacho hupima kwa kupunguza.

Bungeni nako historia haikuacha mzaha wake. Bwana Mapesa alikabidhiwa uenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, kazi ya kuuliza kila wizara mapesa yamekwenda wapi, na aliifanya hadi kamati zilipopangwa upya mwaka 2013. Mzee wa Vijisenti akawa mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, hadi alipoiacha baada ya jina lake kutajwa katika sakata lile la Escrow. Wilaya moja ya wakulima wa pamba ilishika funguo za matumizi na funguo za makadirio.

Swali ambalo Dar es Salaam ililiuliza kwa dharau, na ambalo halijajibiwa vyema, ni hili: kwa nini Bariadi iliwarudisha? Chenge alichaguliwa tena 2010, na mara nyingine 2015. CCM mwaka 2011 ilitangaza kujivua gamba, magazeti yakamtaja miongoni mwa magamba yaliyokusudiwa, na yeye akabaki. Wachambuzi wa mijini walisema wapiga kura wa huko hawakuuelewa utani. Jibu hilo ni la mtu ambaye hajapata kusimama katika uwanja wa Wagika na Wagalu. Watu waliolelewa katika ngoma za kukejeliana hawakosi kuuelewa utani, waliuelewa mno. Walijua mchezaji anachezea nini, dawa yake ni ipi, na chatu amenunuliwa kwa bei gani. Walihesabu kwamba mwingine atakayekuja naye atakula, tena huenda akala akiwa mbali. Mcheza kwao hutuzwa.

Na hapa kejeli yenyewe haiwezi kuachwa bila lawama. Jina la mzaha ni kama kinyago: humfichua mtu siku ya kwanza, kisha humfunika. Mzee wa Vijisenti, likitamkwa mara elfu, likawa jina la babu mchangamfu; mtu aliyelicheka asubuhi alilipigia makofi jioni. Mapesa ilikwisha kuwa nembo ya mgombea kabla hajapanda jukwaani. Mwanasiasa asiyejulikana hutumia mamilioni kujitafutia jina, na hawa wawili walilipata bure kutoka kwa mahasimu wao. Fisadi lilikuwa tuhuma. Vijisenti likawa msamaha. Aliyecheka alihisi amekwisha hukumu, akaenda zake nyumbani, na jalada likabaki mezani. Kejeli ya Muyaka ilikuwa na upande, ilitaka mtu fulani ashindwe vita. Hii haikutaka kitu. Ilitosheka na kicheko, na hapo ndipo palipokuwa udhaifu wake, pamoja na uzuri wake wote wa sarufi.

Mwaka 2015 UDP haikupata kiti hata kimoja bungeni, na Bariadi Mashariki, iliyokuwa ngome yake, ilikuwa imekwisha badilika kuwa Itilima. Chenge aliongoza vikao kadha wa kadha vya bunge lililofuata akiwa mmoja wa wenyeviti wake, na baada ya uchaguzi wa 2020 naye hakurudi. Maneno yao yamebaki na kazi nyingine. Sokoni, Mwanza au Darajani, muuzaji akiulizwa biashara imekwendaje hujibu kwamba amepata vijisenti vyake viwili vitatu, na safari hii kipimo ni cha kweli. Anayeuliza hutazama kidogo, kuona kama anataniwa.